Mukwe Anayetumika Bila Mushahara



Mwezi huu mufungue Mwanzo sura ya 29 mpaka 31. Vijana wanaipenda habari hii sababu ya Yakobo na Raheli, na sisi wahubiri tunaitumia kwenye ndoa, tena upande ule mutamu tu. Lakini muisome mara moja kama habari ya jamaa tajiri na kazi yao. Labani ni patro, mali yake ni kondoo na mbuzi. Yakobo ni mutoto wa dada yake, ni mukwe wake, na ni mutumishi wake, yote matatu pamoja. Ni hapo magumu inaanzia. Maana mutumishi unamulipa. Mukwe unamwambia: "Si uko mutoto wa nyumba?"

Miaka 14 Yakobo alitumika kwa ajili ya mabibi wawili, na ule wa kwanza alipewa kwa udanganyifu. Kisha miaka 6 kwa ajili ya mifugo. Walipatana kwa kinywa: wanyama wenye madoa watakuwa wa Yakobo. Siku ileile Labani akawatosha wote wenye madoa, akawapa watoto wake, wakawapeleka mbali mwendo wa siku 3. Yakobo mwenyewe alihesabu kwamba mushahara wake uligeuzwa mara 10. Na kisha hayo yote, watoto wa Labani ndio walianza kunungunika kwamba yeye amemaliza mali ya baba yao.

Hamujasikia maneno haya hapa kwetu? Mimi nimeyasikia, ndani ya nyumba moja ya washiriki wetu.

Baba ule alitoka kazi ya mugodi, akafungua butiki kidogo, kisha depo ya unga, kisha kamio mbili za kwenda Kasumbalesa. (Mama ndiye alianza yote, kwa kuuza unga mbele ya mulango, lakini watu wanasahau.) Mukwe wao aliendesha kamio miaka 9. Alilala chini ya kamio kwenye mupaka, mvua na baridi. Mushahara, hapana. Alipewa unga, minervali ya watoto, na koti siku ya Noeli. Mahari iliyobaki walimusamehe. Na mimi, pasta wenu, nilimusimamisha mbele ya kanisa, nikasema: muangalie sadaka ya kijana huyu! Leo ninaona haya. Mutu anatoa sadaka ya kitu anachojua ni chake. Yeye hakujua chake ni nini.

Muzee alipogonjwa tansio, vijana wake watatu walirudi toka masomo, wakakuta shemeji anashika funguo za depo. Wakaanza: huyu anakula mali ya baba. Niliitwa, nikakaa pale magaribi tatu. Nikauliza neno moja tu: "Huyu ndugu, mushahara wake ni ngapi?" Wote kimya. Kisha binti ya muzee akasema: "Bwana yangu mulimufanya mutumishi, na mimi mulinifanya mushahara."

Raheli na Lea walilia hivyo juu ya baba yao, kwamba aliwauza na akakula bei yao. Na mukumbuke, dada hawa walishindana miaka mingi juu ya bwana mumoja. Siku ile walikuwa sauti moja.

Kijana mukubwa akaleta maneno ya sheria. Ni kweli, Kodi ya Jamaa ya mwaka wa 1987 inatoa robo tatu ya urizi kwa watoto, binti sawasawa na kijana, na robo moja inaenda kwa bibi anayebaki, wazazi na wandugu wa marehemu. Mukwe hamuna. Haki yake ni ya mutu aliyetumika, na hiyo inaomba ushuhuda. Lakini kijana alisahau kwamba dada yake yumo, sawa na yeye.

Labani alimufuata Yakobo siku 7, akamufikia kwenye milima ya Gileadi. Walikusanya mawe, wakafanya fungu, wakakula chakula pale, wakapatana kwamba hakuna atakayepita fungu lile kwa ubaya. Labani akaongeza sharti: binti zake wasiteswe. Asubuhi akawabusu watoto, akarudi kwake. Mawe hayakuwafanya wapendane. Yalionyesha tu nani anaishia wapi.

Muzee akaomba kaye ya depo. Akaandika kwa mukono wake unaotetemeka: kamio moja ni ya mukwe kwa miaka 9 iliyopita, toka mwezi ule atalipwa kila mwisho wa mwezi, nyumba, mama hataondolewa. Vijana wawili wakatia sahihi. Mukubwa alikataa, akatoka inje.

Alikuja kuitia kisha siku 12, akisimama, bila kukubali kiti.