Muache Mutoto Ashike Fagio

Mu parsele nyingi za Bukavu, kuanzia Bagira mpaka Panzi, neno la kwanza lenye mutoto wa miaka miwili anasikia asubuhi ni "Toka hapo!" Mama anafagia kiwanja, mutoto anakuja kushika fagio: "Toka, utachafua." Dada anaosha sahani mu basini, mutoto anaingiza mukono: "Acha, utavunja." Wanamuwashia televizio, wanamupa biskwi, na nyumba inatulia. Miaka kumi nyuma ya pale, wazazi wale wale wanakuja kutuona siye walimu ku shule: "Mwalimu, mutoto wangu ni muvivu sana. Anakula, anaacha sahani pa meza, hata kitanda yake hatandike. Munawafundisha nini?"

Wazazi wapendwa, ile somo ya uvivu haikutolewa ku shule. Mulimupa ninyi wenyewe, tena kwa uvumilivu mukubwa, kila siku, wakati alikuwa anaomba kazi na munamufukuza. Mutu mwenye kufukuzwa ku kazi miaka tano mufululizo anaishia kuelewa kama kazi si yake.

Wazee wetu hawakusoma pedagoji, lakini jambo hili walilijua. Mutoto akianza tu kutembea vizuri, anapewa kitu cha kipimo chake: kibuyu kidogo cha kwenda nacho ku kisima nyuma ya mama, kitunga kidogo, jembe lenye kuisha lenye mupini mufupi. Na muangalie vizuri, haikukuwa kitu cha kuchezea. Maji ya kile kibuyu, hata kama ni vikombe viwili na kimoja kimemwangika njiani, yalikuwa yanaingizwa mu nyungu pamoja na ya wakubwa, na jioni yalikuwa yanapika bugali ya watu wote. Mutoto alikuwa anaona.

Tena kulikuwa kazi ya kulinda muhogo. Muhogo imeanikwa ku jua, mutoto wa miaka mitatu ao mine anawekwa pale na kijiti kidogo, afukuze kuku. Mutu hamupigie kelele, hamusimamie kila dakika. Akisinzia, kuku wanakula, na wakati wa kurudisha muhogo mu nyumba kila mutu anaona pengo. Bibi anacheka kidogo, na kesho yake mutoto hasinzii. Mimi nimefundisha karibu miaka makumi mbili, na mu vitabu vyote vyenye tulisoma ku institi, sijaona zoezi lenye kupita lile kwa kufundisha mutu kubeba daraka. Kazi ni ndogo, lakini ni ya kweli, na matokeo yake inaonekana bila hotuba.

Watu wenye kusoma watanijibu: "Ile ni mambo ya kijijini, siku hizi mutoto anacheza, njo maendeleo." Sawa, tuende basi kule kwenye maendeleo. Mu Januari 1907, munganga Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mu mutaa wa San Lorenzo, kule Roma, mutaa wa wafanya kazi wenye mapato madogo. Wale watoto walikuwa wanashinda bila mutu wa kuwaangalia, juu wazazi walikuwa ku kazi. Aliwapa nini? Kati ya vitu vingine, fagio fupi, meza ndogo za kupangusa, maji ya kunawa na ya kumwanga kutoka chombo kimoja mpaka kingine. Leo, mu miji mikubwa ya Ulaya na ya Afrika, wazazi wanalipa pesa nyingi kwa shule zenye jina lake, ili mutoto afundishwe kupangusa meza. Ile kibuyu kidogo ya bibi yako haikuombaka minervali.

Na kuna hii tena. Mu mwaka wa 2006, watafuti wawili wa Leipzig, kule Ujerumani, Felix Warneken na Michael Tomasello, walionyesha watoto wa miezi 18 mutu mukubwa mwenye kuangusha kitu na kushindwa kukifikia. Watoto karibu wote walisaidia walau mara moja, bila kuahidiwa kitu. Mu 2008 wakaendelea na watoto wa miezi 20: wale wenye walipewa zawadi kila mara walisaidia, kisha zawadi ikaachwa, walisaidia kidogo kuliko wale wenye hawakupewa kitu. Basi wewe mwenye kusema "leta kiatu, nitakupa bombo", ujue unanunua kitu chenye mutoto alikuwa anakuletea bure. Zamani walikuwa wanamwambia "aksanti, mama" ao "aksanti, baba", wanamuita kwa jina la mukubwa mwenye alirithi jina lake, na ilitosha.

Sasa, tusidanganyane: mutoto wa miaka miwili haharakishe kazi, anaichelewesha. Kiwanja ya dakika kumi itaomba nusu saa, na pembeni moja utafagia tena (lakini ngoja alale kwanza, usifagie mbele ya macho yake). Hapo njo bei yote ya jambo hili. Anaweza kupeleka viatu vyake pa pahali pake, kubeba kijiko, kutupa maganda ya ndizi yenye alikula, kupangusa na torshoni maji yenye alimwanga mwenyewe. Ku miaka mitatu anachagua mawe mu maharagi pembeni ya mukubwa, anatandaza sambaza ku mukeka. Babula yenye moto, nyungu ya sombe yenye kutokota, kisu, chupa ya petroli, na pwani ya ziwa, hapana; pale "toka" iko na kazi yake.

Lakini niko na ugomvi pia na watu wa upande wangu, wale wenye kupenda kutaja desturi. Wanamubebesha binti wa miaka tisa bidoni ya litre 20, maana yake kilo 20 ku mugongo, wanapanda naye mabonde ya Kadutu, wakati kaka yake anacheza mupira, na wanasema: "Njo desturi yetu." Si kweli. Kipimo cha kibuyu kilikuwa mwili wa mutoto. Bidoni yenu inapimwa na kiu ya nyumba nzima, na na uvivu wa wale wenye kubaki ndani. Mutoto mwanaume na mutoto mwanamuke wa miaka miwili wanakimbilia fagio pamoja. Wakubwa njo wanakuja kumunyanganya mumoja na kumuachia mwingine maisha yake yote.

Na mubaya kuliko yote ni yule binti wa kutoka kijijini, wa miaka kumi na moja, mwenye tunaita yaya. Tulimukatisha shule ili mutoto wetu asiguse sahani. Mutoto wa nyumba, wa miaka minane, analala mu salo na anaita: "Yaya, leta maji!" na maji iko hatua tatu. Pale watoto wawili wanaharibika mu parsele moja, mumoja kwa kazi kupita kiasi, mwingine kwa kukosa kazi. Wale wenye kupenda kutaja haki za mutoto wasome Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto: inamulinda mutoto kwa unyonyaji wa kiuchumi. Inamuhusu yule binti. Haina neno hata moja la kumukataza mutoto wako kuokota kikombe chake.

Mama mwenye kutoka alfajiri kwenda kuuzisha ku soko ataniambia hana nusu saa ya kupoteza na fagio. Ninamuelewa, yeye simugombeze. Achague kazi moja tu, ya Siku ya Posho jioni ao ya Siku ya Mungu, na aishike. Ninagombeza zaidi wababa. Mutoto anaiga chenye anaona, na kama anaona kila siku baba anasukuma sahani yake katikati ya meza na kungoja mutu aje kuitosha, miaka ine haijaisha naye anasukuma. Mwenzangu mumoja wa kazi, mukubwa wa shule, nilipomuambia hivi alishituka: "Mimi, mwenye mutaa yote inanijua, nishike torshoni mbele ya watoto?" Ndiyo, baba. Uishike, na mulango uwe wazi.