i7 ya Stika na Hela ya Ng'ombe Wawili

Jumapili, saa tano usiku, hosteli.

Nimepotea siku kadhaa, testi zilinibana. Leo nilipanga nilale mapema lakini hasira imenikatalia. Kisa chenyewe ni hiki: jamaa ninayekaa naye chumba kimoja karudi kutoka Shinyanga mjini jioni hii anachekelea peke yake. Eti kapata prosesa ya Core i7 ya mtumba kwa bei ya kutupa, kaacha elfu ishirini ya kushikilia, kesho anaenda kumalizia. Mazabodi "ataitafuta baadaye".

Nikamuuliza swali moja tu: i7 ya kizazi gani? Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mama mkwe wake. "i7 ni i7 bwana!"

Jamani! Hapo ndipo tunapoliwa. Na angekuwa anachezea hela ya boom ningenyamaza, boom kila mtu anajua inavyoyeyuka. Hii ni hela ya ng'ombe wawili waliouzwa kwao, kule upande wa Katoro. Mama yake anataka afungue kibanda cha kuchapa barua, kutoa kopi, kujazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira mtandaoni. Mashine ikigoma, ng'ombe harudi zizini.

Nasema kwa uchungu kwa sababu na mimi nimepigwa. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mazabodi ya H81 niliyoachiwa na binamu. Nikaenda Kahama, nikauziwa i7-2600 huku nikiambiwa "hii inaingia kote". Kufika nyumbani haikai. Nikaibonyeza kidogo, nikaibonyeza tena... nikapinda pini za soketi. Kumbe prosesa ile ni ya soketi LGA1155 na bodi yangu ilikuwa LGA1150. Kwa macho ni pacha, lakini idadi ya pini ni tofauti na hata vile vipengele vya pembeni havilingani. Nikapoteza prosesa na bodi siku moja. Baba mdogo, ambaye ndiye alinipa ile hela kutoka karashani, aliniambia neno moja: "Mwanangu, ulinunua jiwe bila kutwanga sampuli."

Alikuwa sahihi. Huku kwetu Geita nani ananunua mfuko wa mawe kwa sababu yanang'aa? Hata mtoto wa Nyarugusu anajua kuna mawe yanayong'aa kuliko dhahabu na ndani hamna kitu. Mnunuzi anatwanga kidogo, anaosha kwenye karai, anaangalia kinachobaki chini, ndipo anaongea bei. Sasa kwa nini watu wale wale, wakiingia duka la kompyuta, wanalipa kwa kuangalia stika?

Sikilizeni. Ile 3, 5 au 7 ni cheo ndani ya kizazi kimoja. Ni kama kiranja wa darasa: kiranja wa darasa la pili si mkubwa kwa mwanafunzi wa kawaida wa kidato cha nne. Umri unausoma baada ya kile kistari. i7-2600 ni kizazi cha pili, ilitoka mwaka 2011. i3-12100 ni kizazi cha 12, ilitoka mwaka 2022. Zote mbili zina viini vinne na nyuzi nane, lakini kiini kimoja kimoja cha hiyo i3 kinaiacha i7 ile mbali sana. Na ile ya zamani imeandikiwa wati 95, mpya wati 60. Kwa anayetegemea jenereta au sola, hiyo si hesabu ndogo.

Kuna jingine. Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka, karibu kote, kizazi cha nane kuendelea. Basi ofisi za Ulaya na kwingineko zinatoa mashine zao za zamani, na nyingine zinaishia kwenye mitumba yetu. Ndiyo maana i7 za zamani ni rahisi! Hawajakupendelea, wamezitupa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na sirudi nyuma: chagua mazabodi kwanza, prosesa baadaye. Bodi ndiyo inayoamua prosesa gani itakaa, RAM ya aina gani, diski gani, na kama miaka mitatu ijayo utaongeza kitu au utaanza upya. Bodi ya LGA1155 inaishia kizazi cha tatu, RAM ni DDR3, hakuna pa kwenda. Bodi ya LGA1700 inapokea kizazi cha 12, 13 na 14, mradi BIOS iwe imesasishwa. Upande wa AMD, soketi ya AM4 ilianza mwaka 2016 na hadi 2024 bado zilikuwa zinatoka prosesa mpya za kuiingia. Unaanza na ndogo leo, ukivuna unaongeza. Hiyo ndiyo akili ya mtu wa kipato chetu.

Na msiangukie mtego wa upande wa pili, wa kununua bodi ya mbwembwe yenye taa. Prosesa ya Intel yenye herufi K ni ya kuongezewa kasi, na hilo linataka bodi ya daraja la Z. Ukiweka K kwenye bodi ya H610 umelipia mbio ambazo hutakimbia. Herufi F nayo maana yake haina picha ndani, bila kadi ya picha kioo kitabaki cheusi. Kwa kibanda cha kuchapa, i3-12100 isiyo na F au Ryzen 5 5600G inatosha na chenji inabaki. Chenji hiyo weka kwenye pawasaplai ya maana na UPS, maana umeme wa huku ukikatika unarudi na kishindo. Na kila mwezi fungua kasha, puliza vumbi. Vumbi letu mnalijua.

RAM je? Bodi za LGA1700 zipo za DDR4 na za DDR5. Kama una DDR4 mkononi, nunua bodi ya DDR4, kwa sababu tangu mwisho wa 2025 bei za RAM zimepaa dunia nzima, viwanda vinahudumia kwanza mitambo ya akili mnemba.

Najua kuna watakaosema "mimi natumia i7 ya zamani na inadunda". Sawa kaka, sikatai. Kama umepata mashine nzima, inawaka, bei ya chini, unaandikia asaimenti, na hujali Windows au unaweka Linux, itumie kwa amani. Ninachopinga ni kuanza kujenga mashine mpya kwa kiungo kimoja kimoja juu ya msingi uliokufa. Na ninachopinga zaidi ni hii tabia yetu ya kuona aibu kuuliza. Kusoma namba nzima ya prosesa na jina kamili la bodi hakuchukui dakika mbili. Muuzaji akikasirika kwa swali hilo, jibu umeshalipata.

Jamaa kalala sasa hivi, anakoroma. Kabla hajalala nilimwomba anioneshe picha aliyopiga dukani. Nimeikuza: i7-3770. Kizazi cha tatu, mwaka 2012.

Kesho saa mbili tunaenda wote. Elfu ishirini tukirudishiwa sawa, tusiporudishiwa basi, hiyo ndiyo ada yake. Bora elfu ishirini kuliko ng'ombe.

Alamsiki.