Nani Alipe Gambuti?

Ndugu wachumaji wa Kedowa, tumesikia wengine wakisema, "Nguo ni ya mtu, ajinunulie." Sivyo! Nani kati yetu avaa aproni ya plastiki kwenda kanisani? Twaivaa kwa sababu ya umande wa asubuhi, mvua ya Kericho na matawi ya chai yanayokwaruza. Twalipwa kwa kilo. Kilo ngapi ziende kulipia gambuti?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 101, yasema: penye kazi ya majimaji, mwajiri atoe nguo za kukinga, na viatu vikihitajika, tena azitunze. Azitunze! Gambuti likitoboka ni juu yake. Ofisi ikitaka kukata mshahara wako kwa aproni, usitie sahihi. Lete karatasi hiyo kwa mwakilishi wa chama.