Masharti ya Somo la Kwanza la Kuandika Programu: Tupime Ufahamu

Kila mwaka, vyuo vikuu vinapopokea wanafunzi wapya, wale walioandikishwa katika somo la kwanza la kuandika programu za kompyuta hukabidhiwa karatasi ya masharti. Humo huelezwa mahudhurio, siku za mwisho za kukabidhi mazoezi, mgawanyo wa alama, na adhabu ya mwenye kunakili. Wanafunzi huisoma juu juu, huikunja, kisha huisahau mpaka siku mambo yatakapoharibika. Nimeandika karatasi za namna hiyo kwa miaka mingi. Katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini naamini kwamba nyingi katika hizo, zikiwamo zangu mwenyewe, zimekuwa zikipima jambo lisilostahili kupewa uzito wa kwanza. Maoni haya nayaelekeza hasa kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari, maana mwanafunzi anayeshindwa katika mwezi wake wa kwanza chuoni mara nyingi huwa amejengewa kushindwa huko kabla hajafika.

Sifuri kumi na moja

Miaka kadhaa iliyopita, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Uingereza nilikosomea shahada ya udaktari, nilitoa zoezi ambalo nililiona rahisi. Mwanafunzi alitakiwa kuandika programu ya kusoma orodha ya namba na kutaja iliyo kubwa kuliko zote. Nilipokusanya kazi, nilikuta programu kumi na moja zilizofanana mstari kwa mstari. Hata mahali pa kuhifadhia namba kubwa palikuwa pamepewa jina lenye kosa lile lile la tahajia, "kubaw" badala ya "kubwa". Masharti yangu yalikuwa wazi: atakayenakili atapata sifuri. Nikaandika sifuri kumi na moja, na usiku huo nililala bila wasiwasi wowote.

Siku ya pili alikuja ofisini msichana mmoja miongoni mwao. Alikuwa ametoka shule ya kijijini, na kibodi aliigusa kwa mara ya kwanza katika maabara yetu, majuma saba tu kabla ya siku hiyo. Hakukana kosa. Alisema, "Mwalimu, ni kweli niliichukua kwa mwenzangu. Lakini nimekaa nayo siku mbili nzima. Naomba uniulize swali lolote juu yake." Nilimjibu kwamba sheria ni sheria, nikamwonyesha ile karatasi. Kabla muhula haujaisha alihamia fani nyingine.

Hadi leo sijui kama alikuwa ameielewa programu ile. Yamkini alikuwa ameielewa barabara. Yamkini alikuwa akijaribu bahati yake. Kilichonisumbua baadaye ni kwamba masharti yangu yalinizuia kujua jambo lile lile ambalo mshahara wangu hulipwa ili nilijue.

Na kulijua kulikuwa rahisi. Programu zote zile zilianza kwa kuweka sifuri mahali pa kuhifadhia namba kubwa. Kisha ziliipitia orodha, na kila ilipotokea namba inayozidi ile iliyohifadhiwa, namba hiyo mpya ilishika nafasi. Kwa alama za mtihani, programu ya namna hiyo hutoa jibu sahihi daima. Sasa tuipe joto la usiku tatu katika kilele cha Kilimanjaro, kwa digrii za Selsiasi: −9, −4 na −12. Hakuna hata moja inayozidi sifuri. Kwa hiyo programu itatangaza kwamba joto la juu lilikuwa 0, namba ambayo haimo katika orodha kabisa! Jibu sahihi ni −4. Tiba yake ni nyepesi: anza na namba ya kwanza ya orodha yenyewe badala ya sifuri.

"Kwa nini umeanza na sifuri?" Swali hilo moja lingeweza kunitenganishia anayejua na asiyejua kwa dakika mbili. Lingenionyesha pia jambo jingine la kuniaibisha kidogo: kwamba hata yule mwandishi wa kwanza, ambaye hakunakili kwa mtu, alikuwa na kosa ambalo mimi sikuliona, kwa sababu nilishughulika na kufananisha programu nikasahau kuzisoma.

Kunakili kulikoangamiza roketi

Yuko msomaji atakayesema kwamba haya ni mambo ya darasani tu. La, sivyo. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikiwa imebeba setilaiti nne za utafiti wa kisayansi. Kabla dakika moja haijatimia iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka.

Uchunguzi ulionyesha kwamba chanzo kilikuwa sehemu ya programu ya chombo cha kupimia mwendo, sehemu iliyochukuliwa kutoka katika roketi iliyotangulia, Ariane 4. Katika sehemu hiyo, kipimo kimoja kinachohusiana na mwendo wa ulalo kilihamishiwa mahali penye nafasi ya biti 16, ambapo namba kubwa kabisa inayoweza kuingia ni 32,767. Kwa Ariane 4 nafasi hiyo ilitosha. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi. Namba ikapita kiasi, chombo kikazimika, na chombo cha akiba, kilichokuwa na programu ile ile, kikawa kimezimika vivyo hivyo. Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hesabu iliyoleta maafa haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini. Ilibaki humo kwa sababu ilikuwamo tangu zamani.

Wahandisi wale hawakuiba kitu. Programu ilikuwa mali yao, na kutumia tena kazi iliyokwisha kufanyiwa majaribio ni desturi njema ya ufundi. Walichokosa ni kuuliza upya: namba hii ilidhaniwa kuwa ndogo kwa sababu gani, na sababu hiyo ingalipo? Ni swali lile lile la sifuri ya wanafunzi wangu. Ndiyo maana nasema kwamba ubaya wa kunakili hauishii katika wizi. Anayenakili bila kuelewa hubeba dhana za mtu mwingine asizozijua, na dhana hizo hujitokeza siku ambayo hakuna wa kumsaidia. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Masharti ninayoyapendekeza

Kutokana na hayo, napendekeza kwamba sharti kuu la somo la kwanza liwe moja: mwanafunzi apate alama kwa programu anayoweza kuieleza. Mengine yote yafuate sharti hilo.

Kwanza, kuhusu matarajio. Somo la kwanza lidhani kwamba mwanafunzi hajui lolote juu ya kompyuta, na mhadhiri aiache kabisa kauli ya "kama mnavyojua". Darasani huwapo vijana wachache waliokulia na kompyuta nyumbani. Maswali yao hujaa istilahi, nao wengine huinamisha vichwa wakidhani kwamba wao pekee ndio wajinga. Chuo cha Harvey Mudd cha California, Marekani, kilipobadilisha somo lake la kwanza kuanzia mwaka 2006, kiliwatenga wenye uzoefu na wasio nao katika madarasa mawili, kikaanza kutumia lugha nyepesi ya Python, na mazoezi yakachukuliwa kutoka katika matatizo ya sayansi mbalimbali. Katika miaka michache, sehemu ya wanawake miongoni mwa wanafunzi waliochagua fani ya kompyuta chuoni hapo ilipanda kutoka takriban asilimia 10 hadi takriban asilimia 40. Akili za wasichana hazikubadilika katika muda huo; kilichobadilika ni mlango wa kuingilia.

Pili, kuhusu siku za mwisho. Insha iliyokamilika nusu husomeka nusu, lakini programu iliyokosewa alama moja ya mkato huenda isifanye kazi hata kidogo. Mwanafunzi mpya hana njia ya kujua kwamba kosa dogo litamchukua saa tatu. Kwa hiyo mazoezi yawe madogo na ya kila juma, na kila mwanafunzi apewe siku chache za akiba katika muhula, azitumie apendavyo bila kuomba ruhusa wala kuleta cheti cha mganga. Umeme hukatika, kompyuta za maabara hazitoshi, na wazazi huugua. Zikiisha siku hizo, sheria ifuatwe bila upendeleo. Ulegevu usio na mpaka humdhuru mwanafunzi kuliko ukali.

Tatu, kuhusu ushirikiano. Kuwakataza wanafunzi kuzungumza ni kuwakataza kujifunza. Baadhi ya vyuo vya Marekani vina utaratibu ninaoupenda: zungumzeni mpendavyo, chorani ubaoni, lakini kila mmoja aondoke mikono mitupu, afanye shughuli nyingine kwa nusu saa, kisha aandike programu yake peke yake. Kinachobaki kichwani baada ya nusu saa ni chake. Zipo programu za kutafuta mfanano, kama ile iitwayo Moss iliyoanza kutumiwa mwaka 1994, nazo zina faida. Lakini huonyesha kwamba kazi mbili zimefanana, basi. Nani alimwelewa nani, hilo halionekani mpaka watu wawili wakae wakaulizana.

Nne, kuhusu mitambo ya akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, zoezi langu la namba kubwa linaweza kujibiwa katika muda wa kuvuta pumzi, tena bila kosa la tahajia wala kosa la sifuri. Wenzangu wengine wanataka marufuku kamili, na wengine wanasema kwamba hakuna tena haja ya kufundisha kuandika programu. Sikubaliani na upande wowote. Katika somo la kwanza mtambo usiandike kazi ya mwanafunzi, kama vile mtoto anayejifunza kujumlisha asivyopewa kikokotoo. Anaweza kuruhusiwa kuuomba umfafanulie ujumbe wa kosa uliomshinda, mradi aeleze kwa maandishi alichoambiwa. Aidha, sehemu kubwa ya alama itokane na mtihani wa karatasi na mahojiano. Mhandisi wa kesho atakabidhiwa na mtambo programu ambazo hakuziandika, na kazi yake itakuwa kuamua kama zinafaa. Asiyeweza kuuliza "kwa nini sifuri?" ataamuaje?

Najua pingamizi litakalotolewa: madarasa yetu ni makubwa, nani atawahoji wote? Tupige hesabu. Wanafunzi 200 wakihojiwa dakika tatu kila mmoja ni dakika 600, yaani saa kumi. Wakiwapo wasaidizi watano, kila mmoja atafanya kazi ya saa mbili. Tukifanya hivyo mara tatu katika muhula, ni saa sita kwa msaidizi. Mimi binafsi hutumia muda mrefu kuliko huo kusahihisha kazi ambazo sijui zimeandikwa na nani.

Sehemu ya shule za sekondari

Walimu wa sekondari wasingoje kompyuta zifike ndipo waanze. Ufahamu ninaouzungumzia hujengwa kwa chaki. Mwalimu wa hisabati achore ubaoni jedwali lenye safu mbili: namba inayosomwa, na namba kubwa mpaka sasa. Wanafunzi wazipitie namba tano moja moja, wakijaza safu ya pili kwa mikono yao. Kisha awape orodha ya namba zilizo chini ya sifuri zote, awaache wakosee, na awaulize kosa limetoka wapi. Halafu awape orodha isiyo na namba hata moja, awaulize programu ijibu nini. Hapo darasa litabishana, na ubishi huo ndio mwanzo wa fani yenyewe. Kijana aliyezoea kujaza jedwali la namna hiyo atakapoikuta kompyuta chuoni ataiona kuwa ni karani mwepesi wa kazi anayoifahamu tayari.

Nanyi wanafunzi, mtakapokabidhiwa karatasi ya masharti, isomeni yote, na palipo na giza ulizeni siku hiyo hiyo. Tarajieni kukosea kila siku, maana hakuna mwandishi wa programu asiyekosea. Ujumbe wa kosa ni habari inayowaonyesha pa kutazama, wala si hukumu juu ya akili zenu. Msione haya kusema mbele ya wenzenu kwamba hamkuelewa.

Mimi nimekwisha kuirekebisha karatasi yangu. Mstari wa sifuri kwa mwenye kunakili ungalimo, kwa kuwa udanganyifu ni udanganyifu. Lakini juu yake nimeongeza mstari mwingine: kabla ya adhabu yoyote, mwanafunzi ataulizwa maswali juu ya programu aliyoikabidhi, na majibu yake yatazingatiwa. Umechelewa kwa yule msichana. Wanaokuja nyuma yake wasinyimwe swali aliloliomba.