Afya Nyumbani: Ukungu Unaoziba Pampu ya Saratani

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, alikwenda kuitembelea hospitali ya Jinja. Majuma machache kabla ya safari hiyo alikuwa ameitwa na mwenzake, Dk. Hugh Trowell, amtazame mtoto mdogo aliyevimba taya, juu na chini, kushoto na kulia, wala hapakuwa na aliyeweza kueleza ule ulikuwa ugonjwa gani. Alipokuwa Jinja akatupa macho nje ya dirisha, akamwona mtoto mwingine ambaye uso wake umevimba vile vile. Akatoka kumpima, akamkuta ana uvimbe na tumboni. Tangu siku hiyo Burkitt hakuuona tena ugonjwa ule kuwa kioja cha mtoto mmoja.

Aliandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, alifunga safari kwa gari kuukuu, maili 10,000 hivi, akiuliza katika kila hospitali ya njiani kama watoto wa namna ile wamepata kuonekana. Ikadhihirika kwamba uvimbe huo hupenda nchi za joto na mvua, nao haukuonekana katika nyanda za juu zipitazo futi 5,000 hivi karibu na ikweta. Mkazi wa Mbale ataielewa ramani hiyo upesi, maana mji wake uko chini ya mlima Elgon, na akipanda mlima huo huhisi hali ya hewa ikibadilika na mbu wakipungua. Leo yajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara, pamoja na virusi vilivyogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake huko London, ndivyo vinavyoutengenezea uvimbe huo njia.

Lakini lililo muhimu leo ni tabia nyingine ya uvimbe wa Burkitt, nayo ni kwamba huyeyuka. Siku zile Uganda haikuwa na mashine za kuchoma saratani kwa mionzi, ikabidi Burkitt ajaribu dawa: methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini. Taya lililovimba kama embe lilinywea kwa muda wa siku chache, na watoto kadha wa kadha walipona baada ya kupewa dawa mara moja au mbili tu. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kikiongozwa na Dk. John Ziegler, Wamarekani walipoondoka mwaka 1972, Mganda, Dk. Charles Olweny, akakiendesha katika miaka iliyokuwa migumu kuliko yote. Hicho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kuyeyuka huko ni neema, na ni mtego pia. Tuseme mtoto wa askari wa Bugema, Mbale, amepelekwa Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Amechomwa sindano za kwanza, na juma halijapita uso umerudi kuwa uso. Likizo ya baba imekwisha, nauli imekwisha, nyumbani kuna watoto wengine na shamba linangoja palizi. Mama anamwambia muuguzi, "Sista, mwanangu amepona, niruhusu niende." Ni nani atakayemlaumu kwa kuamini macho yake? Hata hivyo, macho hayaoni chembe chache zilizobakia. Miezi michache baadaye uvimbe unarudi, na safari hii dawa zile zile zilizouyeyusha zinapita kama maji juu ya jani la gimbi. Madaktari husema saratani imekuwa sugu.

Usugu huo watokana na nini? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba dawa haipenyi. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Toronto, Kanada, Rudolph Juliano na Victor Ling, walipata jibu lililo tofauti. Walikuwa na chembe za mnyama mdogo wa jamii ya panya ambazo zilikuwa zimezoezwa kuishi ndani ya sumu iitwayo kolkisini. Ajabu ni kwamba chembe hizo zilistahimili pia dawa nyingine ambazo hazikuwahi kukutana nazo na ambazo hazifanani na kolkisini hata kidogo. Juu ya ngozi ya chembe hizo palikuwa na protini nyingi ya namna moja, wakaipa jina P-glaikoprotini. Baadaye ikafahamika kwamba protini hiyo ni pampu. Dawa huingia, nayo huikamata na kuitupa nje.

Mvuvi wa Masese, Jinja, ambaye mtumbwi wake unavuja, hukaa na kopo mkononi. Maji yakiingia, yeye huyakumba na kuyamwaga ziwani. Yakiingia kwa wingi kuliko anavyokumba, mtumbwi huzama. Akipata makopo kumi na watu kumi wa kuyashika, mtumbwi hauzami hata uwe na matundu. Ndivyo ilivyo chembe sugu ya saratani. Dozi ya kwanza huzizamisha zile zenye kopo moja. Zile chache zenye makopo mengi hubaki zikielea, huzaana, na uvimbe unaorudi ni kizazi chao.

Pampu hiyo huchagua. Huitupa nje vinkristini, dawa itokanayo na kimti kidogo cha maua ya waridi au meupe, asili yake Madagaska, ambacho watu wengi hukipanda uani kwa uzuri wake. Huzitupa na dawa kadhaa nyingine zitokanazo na mimea na vijidudu vya udongoni. Siklofosfamidi haishikwi na pampu hiyo, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuwapa wagonjwa dawa kadhaa kwa pamoja. Yafaa pia kusema kwamba saratani inazo njia nyingine za kuzikwepa dawa. Pampu ni njia moja tu, ijapokuwa ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Hapa ndipo ukungu unapoingia. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Sandoz ya Uswisi, akiwa likizoni katika uwanda wa Hardangervidda huko Norway, alichota udongo kidogo akautia mfukoni mwa plastiki, kama ilivyokuwa desturi ya wafanyakazi wa kampuni hiyo. Katika udongo huo uliota ukungu uitwao Tolypocladium inflatum, na katika ukungu huo ikapatikana dawa ya saiklosporini. Umaarufu wake wa kwanza haukuhusu saratani. Dawa hiyo hutuliza askari wa mwili wasiishambulie figo ya kupandikizwa, na kwa kazi hiyo imeokoa watu wengi duniani. Lakini mwaka 1986 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba chembe za saratani ya damu zilizokuwa sugu kwa vinkristini, zikitiwa saiklosporini kidogo, hufa tena kwa vinkristini. Saiklosporini yenyewe haikuziua. Ilikwenda ikajishikiza kwenye pampu, kopo likazibwa, na dawa ikabaki ndani ikafanya kazi yake.

Ukungu mwingine ulitoa kitu kama hicho. Aspergillus fumigatus huota katika majani makavu yaliyooza na marundo ya mbolea, na hutengeneza sumu iliyopewa jina fumitremojini kwa kuwa huwatetemesha wanyama. Mwaka 1998 ilionekana kwamba aina moja ya sumu hiyo huiziba pampu nyingine, iliyogunduliwa katika chembe sugu za saratani ya matiti. Kwa kuwa sumu ya kutetemesha haiwezi kupewa mgonjwa, wataalamu wa Uholanzi waliunda mfano wake usiotetemesha, wakautangaza mwaka 2002. Mfano huo ungali chombo cha maabara, haukuwa dawa ya hospitali.

Habari za namna hii zikifika sokoni huharibika haraka kuliko samaki. Atatokea mtu mwenye mfuko wa unga wa uyoga, na atasema, "Mama, wazungu wenyewe wamekubali, mpe mtoto kijiko asubuhi na jioni." Ukweli ni kwamba ukungu wa Norway hauliwi, na dawa iliyotokana nao hupimwa kwa miligramu huku damu ya mgonjwa ikichunguzwa, maana ikizidi huharibu figo. Aidha hushusha kinga ya mwili, na mtoto mwenye saratani kinga yake imekwisha kushushwa na dawa nyingine. Nao ukungu wa ghalani si rafiki. Ndugu yake Aspergillus fumigatus ni yule anayeota juu ya karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya na kutoa sumukuvu, ambayo huleta saratani ya ini. Mwaka 1971 ulitolewa uchunguzi wa vyakula vilivyokusanywa mahali mbalimbali Uganda katika miaka ya 1966 na 1967. Karibu sampuli tatu kwa kila kumi zilikutwa na sumu hiyo.

Basi je, kuziba pampu kulifaulu kwa wagonjwa? Matumaini yalikuwa makubwa. Sandoz iliunda ndugu wa saiklosporini, jina lake valspoda, asiyegusa kinga ya mwili na mwenye nguvu zaidi ya kuziba. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya damu, ya uboho na ya mayai ya kike. Ikashindwa. Kosa halikuwa katika kuziba, kwa maana pampu ilizibwa barabara. Kosa ni kwamba pampu hiyo si mali ya saratani peke yake. Mwili wenye afya unayo katika utumbo, ini, figo na mishipa ya damu ya ubongo, nayo hukaa pale kama mlinzi wa lango akitupa nje sumu zinazoliwa pamoja na chakula. Ukiwaziba walinzi wote kwa pamoja, dawa ya saratani hukaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa. Ilibidi madaktari wapunguze dozi, na hata hivyo katika jaribio moja la Marekani vifo vilizidi upande wa waliopewa valspoda, jaribio likasimamishwa. Saiklosporini yenyewe ilionyesha faida mwaka 2001 kwa wagonjwa 226 wa saratani ya damu huko huko Marekani, lakini majaribio mengine ya kuziba pampu hayakuleta matokeo ya kutegemewa. Hadi leo hakuna dawa ya kuziba pampu inayotolewa kwa kawaida kwa wagonjwa wa saratani.

Askari wa zamani wanalo jambo la kulinganisha na habari hii. Walimeza klorokwini miaka mingi, kisha malaria ikawa haiiogopi. Vijidudu vya malaria navyo vilikuwa vimepata njia ya kuiondoa dawa mahali inapofanyia kazi. Na mwaka 1987 ilionyeshwa maabarani kwamba verapamili, dawa ya shinikizo la damu, huwarudisha vijidudu hao chini ya klorokwini. Lakini hakuna aliyeponyeshwa malaria zahanati kwa njia hiyo. Mwaka 2004 Uganda iliamua kutumia dawa mseto ya artemetha na lumefantrini, yaani dawa mbili zipigazo kwa namna mbili, na mgonjwa akaambiwa amalize vidonge vyote hata homa ikishuka siku ya kwanza. Saratani ya mtoto hutibiwa kwa hoja hiyo hiyo. Dawa tatu au nne hutolewa kwa pamoja, kwa tarehe zilizopangwa, ili chembe yenye kopo la kutupa ya kwanza ikutane na ya pili asiyoweza kuitupa. Tarehe zenyewe zimepangwa ili makopo yasipate nafasi ya kuongezeka. Kwa hiyo mzazi anayeambiwa arudi baada ya siku kadhaa, naye akaona mwanawe anacheza mpira, na arudi. Ikiwa nauli au ruhusa ya kazi ndiyo kikwazo, inafaa jambo hilo lisemwe wodini kabla ya kuondoka, na kwa mkuu wa kikosi, badala ya mtoto kukosekana tu siku yake ifikapo.

Kuna hatari moja zaidi ambayo familia nyingi hazijaambiwa. Vidonge vingine vya kutibu fangasi ya ngozi, kucha au kinywa, hasa itrakonazo na ketokonazo, huziba pampu ile ile, na tena hulizuia ini lisiivunje vinkristini. Mtoto aliyechomwa vinkristini Jumatatu, kisha akanunuliwa vidonge hivyo Alhamisi katika duka la dawa mjini Jinja kwa sababu ana vidonda mdomoni, anaweza kufunga choo, kufa ganzi vidoleni, miguu ikalegea, hata akapata degedege. Muuza dawa hana kosa iwapo hakuambiwa. Mfanyakazi wa duka aambiwe kwamba mtoto yuko katika matibabu ya saratani, na maganda ya kila kidonge, chupa ya kila dawa ya maji, hata kipande cha mzizi kilichotoka kwa bibi, vitiwe katika mfuko mmoja pamoja na kadi ya hospitali na kufikishwa mezani kwa daktari kabla ya sindano inayofuata.