Walimu wa Kipushi wanarudi shuleni: nini inawasukuma?

Katika shule za Kongo, neno "motivation" limekuwa na maana moja kwa miaka mingi: pesa ambayo mzazi alitoa ili mwalimu asiache darasa. Ilianza miaka ya 1990, wakati Serikali iliposhindwa kulipa walimu. Ndiyo maana mtu akiuliza kwa nini mwalimu wa Kipushi anafanya safari ya kilometa 30 hivi kwenda ISP Lubumbashi kutafuta diploma ya juu, jibu la mtaani ni la haraka: pesa.

Jibu hilo si la uongo, wala si la aibu. Mshahara unafuata diploma, na mwenye D6 hapati sawa na mwenye G3. Lakini kuna jambo ambalo wazazi hawaliangalii sana. Tangu shule ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, mwezi wa 9 mwaka 2019, prime ya wazazi ilikatazwa huko chini. Sekondari iliendelea kulipisha. Mwalimu akishapata diploma ya juu, anaweza kupanda sekondari. Yule mtoto wa mwaka wa kwanza anabaki na nani?

Hamu nyingine inatoka darasani kwenyewe. Mtoto ambaye familia yake ilikimbia Pweto ao Mitwaba anaweza kufika akiwa amepoteza miaka miwili, akakaa benchi moja na wadogo zake. Sheria ya 2014 inataka wadogo wafundishwe kwa lugha ya taifa, hapa Kiswahili, lakini mwalimu mwenyewe alisomea humanités pédagogiques kwa Kifaransa. Mwalimu wa namna hiyo anatafuta mbinu hata kama hakuna aliyemwahidi kitu. "Cellule de base" ya shule ipo kwa kazi hiyo: mmoja anatoa somo, wenzake wanamtazama, kisha wanamkosoa. Haidai nauli. Ila directeur akiifanya daftari la kutia sahihi tu kabla ya inspecteur kufika, inakufa.

DINACOPE, iliyokuwa SECOPE, ndiyo inayotengeneza lisiti za mishahara. Mwalimu anayepata diploma ya juu na kukubali kubaki shule ya msingi aone mabadiliko kwenye mshahara wake bila kungojea miaka. La sivyo atapanda sekondari, ao ataomba kazi mgodini, ambako zinki ilianza kutoka tena mwaka 2024, baada ya mgodi kufungwa mwaka 1993.