Huruma Inayouozesha Mshubiri

Wenzangu, baadhi yetu humwagilia mishubiri ya bwenini kila asubuhi, tukidhani ni huruma. Sivyo. Mshubiri una akiba ya maji katika majani yake manene. Mizizi ikikaa majini huoza. Tena huku Newala, juu ya uwanda, ukungu na mvua za Desemba hadi Aprili hufanya udongo ukawie kukauka kuliko kule Masasi kwenye joto. Basi kopo litobolewe chini, udongo uchanganywe na mchanga, liwekwe dirishani penye upepo, na maji yatiwe udongo ukisha kukauka kabisa. Maji yetu hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema. Kuyatumia kuozesha mmea si huruma, ni ufujaji.